Fisha Imeshika Lipu, Haijashika Tofali

Msomaji mmoja ametutumia picha mbili na swali fupi: "Hii braketi niliyouziwa ni feki?" Picha ya kwanza ni TV ya inchi 55 imelala kifudifudi kwenye vigae, kioo kimechanika kuanzia kona. Ya pili ndiyo yenye jibu. Braketi, yaani chuma kinachoshika TV ukutani, hii ikiwa ile ya mkono unaovutwa na kugeuzwa, ni nzima na haijapinda popote. Skrubu zake nne bado zimo, kila moja imevaa fisha yake (kile kidude cha plastiki kinachopanuka ndani ya shimo skrubu ikiingia), na kila fisha ina ukoko wa lipu kuanzia shingoni hadi zaidi ya katikati. Ukutani yamebaki mashimo manne yaliyobomoka midomo.

Braketi si feki. Fisha hizo ni zile za sentimita 4 zinazokuja kwenye boksi la braketi. Ukitazama midomo ya mashimo, lipu ya ukuta huo ina unene kama wa sentimita 2 na nusu. Maana yake fisha iliingia kwenye tofali sentimita moja na nusu tu. TV yote ilikuwa imening'inia kwenye lipu, na lipu ni ya kupakwa rangi, si ya kubeba mzigo.

Sasa weka na huo mkono. TV ya inchi 55 ina uzito wa kilo 15 hivi. Ikikaa kwenye braketi bapa, uzito wake uko kama sentimita 5 kutoka ukutani. Kama skrubu za juu na za chini zimeachana sentimita 20, nguvu inayovuta zile za juu zitoke ukutani haifiki kilo 4. Vuta TV hiyohiyo kwa mkono hadi sentimita 50 kutoka ukutani, na nguvu hiyo inafika kilo 37 na ushee. TV haijaongezeka hata gramu, ila sasa kuna wenzo. Ndiyo maana TV ya mkono hukaa miezi kadhaa bila tatizo, halafu ikadondoka siku mtoto alipoivuta aone katuni vizuri. Kama TV yako haina sababu ya kugeuzwa, nunua braketi bapa, ni nafuu na ni salama zaidi. Watu wengi hununua mkono kwa sababu unapendeza dukani, kisha hawaugeuzi hata mara moja.

Kabla ya kutoboa, ujue ukuta wako ni wa nini. Toboa shimo moja la majaribio mahali ambapo TV itafunika, kwa biti ya drili ya milimita 6, na uangalie vumbi. Mwanzo litatoka laini, la kijivu hafifu au jeupe: hiyo ni lipu. Weka alama kwenye biti pale vumbi linapobadilika, na umeshapata unene wa lipu bila kumuuliza mtu. Likifuata vumbi la kijivu lenye chembe na drili ikawa inasukumika kwa shida kidogo, ni tofali la saruji lenye afya. Likiwa jekundu, ni tofali la kuchoma. Likimwagika kama mchanga wa ufukweni na biti inazama kama kwenye keki, ama umetoboa kwenye kiungo cha matofali, ama matofali yenyewe yalipunjwa saruji. Sogea sentimita 5 juu au chini ujaribu tena. Pakiendelea hivyohivyo, fisha ya kawaida haikufai. Na biti ikitumbukia ghafla, tofali lina uwazi ndani.

Kwa tofali zima la saruji la inchi 5 au 6, tumia biti ya milimita 10, fisha ya milimita 10 kwa urefu wa 80, na skrubu nene ya milimita 8 yenye kichwa cha spana namba 13, urefu 90. Hata lipu ikila sentimita 2 na nusu, fisha inabaki na sentimita 5 na nusu ndani ya tofali. Shimo liende sentimita 10, kwa sababu vumbi linalobaki chini huzuia fisha isifike mwisho. Zungushia selotepu kwenye biti kwenye alama ya kina. Kisha safisha shimo. Hatua hii mafundi wengi huiruka. Vumbi likibaki, fisha hulala juu ya unga na kuteleza. Pampu ya baiskeli au mrija wa soda unatosha, ila fumba macho unapopuliza.

Fisha iingie kwa kugongwa taratibu kwa nyundo. Ikiingia kwa kidole, shimo ni kubwa. Kujazia njiti za kibiriti au karatasi ni kujidanganya: toboa shimo jingine. Izamishe kidogo kupita uso wa lipu, la sivyo itapanuka ndani ya lipu na kuipasua. Unapokaza, washa (ile pete ya chuma iliyo chini ya kichwa cha skrubu) ikishagusa na kutulia, ongeza robo mzunguko na uache. Skrubu inayozunguka bila kufika mwisho maana yake fisha inazunguka nayo, na haitashika hata ukiomba.

Kuta za mawe ya matumbawe, kama za nyumba za zamani za Mji Mkongwe na Lamu, zina mambo yake. Zima swichi ya nyundo kwenye drili, toboa kwa kuzungusha tu, maana mtikisiko huvunja jiwe na kuacha pango. Chokaa ya kuta hizo inaweza kuwa nene kuliko fisha yenyewe. Bolti za kupanuka zile za chuma, ambazo ni nzuri sana kwenye zege, hapa hupasua jiwe. Kinachofaa ni gundi ya nanga ya kusindiliwa shimoni pamoja na mchi wa chuma wenye nyuzi kama za skrubu, na kuiacha ikauke muda ulioandikwa kwenye kopo. Kwenye tofali lenye uwazi, gundi hiyohiyo huwekwa ndani ya soksi ya wavu ili isimwagikie ndani. Pwani pia tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Chumvi hula zile za kawaida kimyakimya.

Na ule ukuta wa jipsamu wenye taa za kujificha, fahari ya sebule nyingi siku hizi. Jipsamu haibebi TV. Pima kwa sumaku ndogo: itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizokazwa kwenye fremu, na hapo utajua fremu zilipo, lakini bati la fremu hizo ni jembamba. Mahali sahihi pa kulimaliza jambo hili ni kabla ubao haujafungwa: mwambie fundi jipsamu aweke plaiwudi ya milimita 18 nyuma, upana kuzidi braketi, ikiwa imekazwa kwenye tofali. Kama pameshafungwa na nyuma kuna uwazi, skrubu ndefu ipite hadi kwenye tofali, na kila moja ivalishwe kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa uwazi pamoja na unene wa jipsamu. Bila kipande hicho, ukikaza unaisaga jipsamu na braketi inaachia.

Urefu sasa. Katikati ya kioo iwe usawa wa macho ya aliyekaa, yaani sentimita 100 hadi 105 kutoka sakafuni kwa anayekaa kwenye sofa. Nyumba ambayo watu hutazamia mkekani, shusha kama sentimita 20. TV iliyopanda karibu na dari ni ya hotelini. TV ya inchi 55 ina kimo cha karibu sentimita 70, kwa hiyo ukingo wa chini uwe sentimita 70 kutoka sakafuni. Usikisie braketi ikae wapi. Funga kwanza vyuma vya nyuma kwenye TV, pima kutoka ndoano ya juu hadi ukingo wa chini wa TV, tuseme sentimita 43. Jumlisha na 70, unapata 113. Hapo ndipo ukingo wa juu wa braketi ya ukutani. Matundu ya nyuma ya TV mara nyingi hayako katikati, ndiyo maana wanaopima kwa macho hujikuta na TV iliyopanda au kushuka sentimita 10. Pima maji iwekwe kwenye braketi, si kwenye lipu wala kwenye mstari wa dari.

Skrubu za kwenye TV yenyewe nazo huharibu TV. TV ndogo hutumia skrubu za unene wa milimita 4, za kati 6, kubwa mara nyingi 8. Ingiza njiti ya kibiriti kwenye tundu, weka alama kwa kucha, pima kina chake. Ongeza unene wa chuma na washa, na usizidishe hapo. Skrubu ndefu inaweza kugusa saketi au kusukuma kioo kutokea nyuma, ukaona doa jeusi siku hiyohiyo. Fupi sana hung'oa nyuzi. Kwa mkono mtupu iingie angalau mizunguko sita kabla ya kukaza kwa bisibisi. TV ilazwe kwenye meza iliyotandikwa blanketi. Godoro linabonyea na kukunja kioo.

Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi. Bomba la nyaya karibu siku zote hupanda wima, kwa hiyo acha sentimita 15 kila upande na uzime meni swichi kwanza. Waya mwembamba wa TV usizikwe ndani ya lipu. Fundi umeme aweke soketi nyuma ya TV kwa bomba lake. Waya wa HDMI, ule unaoleta picha na sauti kwenye TV, upewe bomba jingine la inchi moja na nusu, maana kichwa chake hakipiti kwenye bomba la umeme la milimita 20. Wengi hugundua hilo lipu ikiwa imeshakauka.

Kwa msomaji wetu: usizibe mashimo hayo manne na kurudi palepale. Sogeza braketi sentimita 10 pembeni na chache juu au chini, nunua braketi bapa inayosogea kushoto na kulia, tumia fisha za 80. Kama lile shimo la majaribio litatoa vumbi zuri, TV mpya itafunika mashimo ya zamani yote.