Shangazi, mpenzi wangu anataka kunipeleka kwenye theluji

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, Mkenya wa miaka 34, naishi Stuttgart. Nina mpenzi Mjerumani, miaka 41, mwezi wa tano huu tuko pamoja. Januari anataka twende Arosa, Uswisi, kwenye Arosa Gay Ski Week, wiki nzima na wanaume kama sisi. Yeye anateleza na skii tangu utotoni. Mimi theluji naijua ya kuondoa mlangoni kwa koleo. Anasema atanifundisha mwenyewe. Naogopa nitamchosha huko mlimani. Halafu kuna picha: nyumbani hakuna anayejua. Niende? — M.

Marahaba mwanangu. Nenda. Ila hilo la kufundishwa na yeye likatae leo leo. Mimi nakaa Chur, treni ya Arosa inaanzia hapa, mwendo wa saa moja hivi. Nimewaona wapendanao wakipanda wameshikana mikono na kurudi kila mmoja na dirisha lake. Marehemu mume wangu naye alijitia ualimu. “Magoti! Magoti!” anapiga kelele mbele za watu, mpaka nikamuuliza kwani tumekuja kusali. Tulinuniana mpaka Jumapili.

Lipia mwalimu wa shule ya skii. Asubuhi wewe uko bondeni na wanaoanza (watoto wa chekechea watakupita, waache wapite), yeye aende zake kilele cha Weisshorn, mita 2,653, akateleze mpaka roho yake itulie. Mchana mnakutana kula. Mtu aliyeshiba mlima hana haraka na wewe. Siku zikisogea mtashuka pamoja njia za buluu, ndizo rahisi. Nyekundu na nyeusi, zile ngumu, mwachie mwenyewe.

Tena kodini sleji, kile kiti cha kutelezea theluji mmekaa. Kuna njia ya kushuka mpaka kijiji cha Litzirüti, kisha mnarudi juu kwa treni. Hapo hakuna mwalimu wala mwanafunzi, na kumshika mtu kiuno hakuhitaji maelezo.

Sasa picha, na hapa sicheki. Uswisi wananchi walipiga kura mwaka 2021, asilimia 64 wakakubali, na tangu 1 Julai 2022 wanaume wawili wanaoana kama watu wengine. Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kinataja miaka 14 jela kwa mapenzi ya wanaume, na nyumbani bado unakwenda. Mwenzako hofu hiyo hajaibeba. Hataijua mpaka umwambie. Mwambie mkiwa wawili, kabla ya safari, si mezani mbele ya rafiki zake: asikuweke mtandaoni, asitaje jina lako. Mchana kofia ngumu na miwani vitakusitiri kuliko buibui. Hatari ni sherehe za jioni, kila mtu simu mkononi. Kaa pembeni, na anayekuelekezea kamera mwambie hapana, bila kuomba radhi. Mpenzi wako akikununia kwa jambo hilo, niandikie tena, maana hapo swali litakuwa jingine kabisa.

Viatu vya skii huvaliwa na soksi ndefu jozi moja. Ukivaa mbili vitakubana na kukuumiza. Divai ya moto nayo uinywe taratibu. Na upake mafuta ya kuzuia jua, hata kama wewe ni mweusi tititi: theluji inarudisha jua usoni, inaunguza mpaka chini ya kidevu.