Konokono Wanaokula Matumbawe: Mtazame Mdomo Kabla Hujamtoa

Wafugaji wengi wa matumbawe ninaowajua hapa Muscat, wakikuta konokono mgeni kwenye tangi, humtupa papo hapo bila kumtazama. Wengine humwacha, kwa kuwa muuzaji aliwaambia konokono ni mfagizi. Ushauri wangu ni kwamba umgeuze kwanza umtazame mdomo wa gamba, halafu uangalie amelala wapi mchana. Kwa mambo hayo mawili utawatambua karibu wote.

Trochus na Turbo, wale tunaowanunua watusafishie vioo, wana mdomo wa mviringo usio na pengo. Wawindaji wengi wana mfereji mdogo kwenye ukingo wa mdomo, mfano wa mlizamu wa paa, na humo hupitisha mrija wa kunusia maji. Ukiuona, mshuku, ila usimhukumu bado. Nassarius naye anao, na kazi yake ni kujifukia mchangani akisubiri mzoga. Cerithium anao pia, na chakula chake ni mwani na mabaki yaliyooza. Ndiyo maana mahali alipolala pana uzito. Konokono aliyeng'ang'ania kioo mchana kweupe hanitishi. Aliyejibana kwenye shina la Acropora, lile tumbawe la matawi, au katikati ya zoanthidi, jamaa wa matumbawe wanaoota kama zulia la maua, huyo namtoa.

Msumbufu mkubwa ni Drupella. Gamba lake lina safu za vinundu, mdomo una vijino kwa ndani, na ukubwa wake ni sentimita mbili au tatu hivi. Ujanja wake ni kwamba gamba huota ule mwani mgumu wa waridi unaofunika mawe, kwa hiyo ukimtazama kutoka juu utadhani ni sehemu ya jiwe. Hula usiku, na wakati mwingine hujikusanya kadhaa kwenye tumbawe moja. Miamba ya kwetu Afrika Mashariki inamfahamu. Huko Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba Drupella cornus walikuwa wameongezeka, na Australia Magharibi, kwenye mwamba wa Ningaloo, waliharibu matumbawe mengi sana miaka ya 1980.

Kovu analoliacha lina sura yake. Huanzia chini ya tawi na kupanda, jeupe pe, na mpaka kati ya nyama na mfupa umekatika wazi. Siku chache baadaye sehemu ile huanza kuota mwani wa kijani. Usilichanganye na tumbawe lililopauka kwa joto: hilo nyama yake bado ipo, imepoteza rangi tu, na ukiweka kioo cha kukuzia utaziona polipu, yaani vile vijinyama vyenye mikono midogo. Kuna pia ugonjwa wa nyama kuchubuka taratibu kuanzia chini, nao unafanana sana na kazi ya Drupella. Ukikesha usiku kadhaa bila kumwona konokono yeyote, acha msako ukapime alkalini ya maji, yaani uwezo wake wa kuzuia asidi. Ikiwa inapanda na kushuka, huenda mhalifu ni wewe na chupa zako za madini unayoongeza majini.

Habari njema ni kwamba mabuu ya Drupella huhitaji majuma kadhaa ya kuelea baharini kabla ya kuwa konokono. Kwenye tangi lenye pampu na skima, kile chombo cha kutoa uchafu kwa povu, hawafiki popote. Walioingia ndio hao hao, na ukiwamaliza wamekwisha.

Kwenye zoanthidi muangalie Heliacus. Huyu ndiye anayewaponyoka watu wanaotegemea dalili ya mfereji peke yake, kwa sababu mdomo wake hauna pengo lolote. Gamba lake ni la duara, limelala bapa, lina vitone vyeupe na vya kahawia iliyokolea kufuata mzunguko, na wengi hawazidi sana sentimita moja. Dalili yake ni sehemu moja ya zulia la zoanthidi kugoma kufunguka wakati jirani zake wamechanua. Mchana hujificha chini kabisa, kwenye mashina. Mimi hutumia kijiti cha mshikaki kuyatenganisha mashina taratibu huku nikimulika kwa tochi. Hapa usifanye mzaha: baadhi ya zoanthidi wana palitoksini, sumu kali mno, kwa hiyo vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Usiwasugue kwa brashi hewani wala usichemshe jiwe lenye mabaki yao.

Sasa kuhusu dawa za kuchovya. Muuzaji atakwambia chovya tumbawe kwenye iodini au dawa ya chupa kabla ya kuliweka, na yuko sahihi kwa upande wa minyoo na makoa. Konokono mwenye gamba akihisi dawa hujivuta ndani na kufunga mlango kwa kile kifuniko chake kigumu, dawa inapita, yeye anasubiri. Mayai nayo hayasikii dawa. Kwa hiyo mimi natumia kibano. Saa moja au mbili baada ya taa kuzima, zima pampu ili maji yatulie, mulika kwa taa nyekundu, anza na mashina ya matawi. Drupella hung'ang'ania, usimvute kwa nguvu. Mzungushe kidogo kwanza aachie, la sivyo utaondoka na tawi. Tumbawe linaloweza kutolewa lihamishie kwenye ndoo ya maji ya tangi, ligeuze juu chini. Mayai mengi utayakuta chini ya kile kigingi cha kauri lilichogundishwa, yakwangue kwa mswaki mkuukuu, au kata kigingi ugundishe tumbawe kwenye kingine. Rudia msako baada ya wiki, halafu tena. Dawa za shaba za kutibia samaki usizilete kabisa kwenye tangi hili, zitaua na hayo matumbawe unayoyatetea.

Wengine nitawataja haraka. Ukiwa na chaza mkubwa wa Tridacna, chungulia usiku kwenye ukingo wa nyama yake na kwenye tundu la chini: vikonokono vyeupe vya milimita chache ni Pyramidellidae, hunyonya damu ya chaza na huzaana humo humo tangini, kwa hiyo msugue chaza kwa mswaki kila baada ya siku chache. Kwenye Tubastraea kuna Epitonium wa njano, rangi ile ile ya tumbawe, na mayai yake pia ni ya njano. Kwenye matumbawe laini ya Sarcophyton kuna Ovula ovum, mwili mweusi tii, gamba jeupe la kung'aa. Ndilo lile ambalo Zanzibar huuzwa kwa watalii, na sidhani kama kuna mtalii aliyewahi kuuliza mwenye gamba hilo alikuwa akila nini.

Kinachoniokoa zaidi ni tangi dogo la pembeni, lisilo na mawe wala mchanga. Kila tumbawe jipya hukaa humo wiki sita kwa uchache. Kwenye sakafu tupu konokono hana pa kujificha, na kovu jipya utaliona asubuhi yake. Hita, pampu ndogo na taa ya kawaida vinatosha. Kwa joto letu la kiangazi, weka na feni juu ya maji.

Waliotolewa wafunge kwenye mfuko uwatie kwenye friza hadi kesho yake, kisha kwenye taka. Usiwapeleke ufukweni. Matumbawe mengi ya madukani hutoka Indonesia na Australia, na bahari ya Oman haina haja ya wageni wao.