Kujengea kaburi na kuweka uzio kwenye makaburi ya umma: niliyoyapitia kwa kaburi la baba

Mkuu, umeuliza kama unaruhusiwa kuzungushia grili kaburi la mama yako kwenye makaburi ya umma hapa Dar, na ruhusa inaombwa wapi. Kwanza pole sana kwa msiba. Nakujibu kwa yale yaliyotupata sisi, maana tulilijengea kaburi la baba mara mbili.

Tulimzika Januari. Kabla ya Pasaka tayari tulishamwaga jamvi la zege, tukabandika vigae vyeupe na kuweka uzio wa nondo wa kufika kiunoni, wenye kigeti na minyororo. Masika yalipochanganya, udongo ukatitia chini ya zege. Jamvi likapasuka toka kichwani hadi miguuni, ufa wa kuingia kidole. Fundi wa pili ndiye aliyetuambia kwamba udongo wa kaburi huachwa upigwe na masika na vuli ushuke wenyewe, ndipo ujengewe. Kwa hiyo usione haya watu wakisema kaburi la mama bado ni la udongo. Msalaba wa mbao wenye jina na tuta linalorekebishwa kila mvua ikikatika vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Uzio nao haukufika mbali. Mwezi wa nane nilikuta kigeti hakipo. Mwezi wa kumi zilibaki nguzo nne tu, nyingine zote zimekatwa kwa msumeno usawa wa zege. Chuma kinauzwa kwa kilo, na makaburini usiku hakuna wa kumkemea mtu. Wizi wa namna hii ni wa zamani: pale Kunduchi, kwenye magofu, yapo makaburi ya minara yaliyopambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China, na mengine yalishabanduliwa, ukutani yamebaki mashimo ya duara.

Lakini kilichoniuma zaidi si chuma. Siku moja nilikuta watu wanazika jirani na baba, wanaliinua jeneza juu ya vichwa ili lipite juu ya zile nguzo zetu nne, kwa sababu tulikuwa tumeingia kwenye njia kiasi cha futi moja na nusu. Mama mmoja wa pale msibani, kanga yake ilinasa kwenye nondo ikachanika. Niliomba radhi, nikarudi na fundi wiki ileile kuzing'oa nguzo zilizobaki.

Kuhusu ruhusa: iombe. Makaburi ya umma yako chini ya halmashauri, hata kama unayemwona kila siku ni msimamizi na watu wa serikali ya mtaa. Kibali cha kuzika si kibali cha kujengea. Anzia kwa mtendaji wa mtaa, uliza vipimo kwa maandishi, na ukilipa chochote dai stakabadhi. Ulichopewa ni nafasi ya kaburi moja, si kiwanja, hivyo usizungushie eneo la kumwekea na mzee baadaye.

Jina liandikwe ndani ya zege lenyewe, si kwenye kibao cha kuchomeka. Ipo sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi ardhi ikihitajika kwa matumizi ya umma. Mwaka 1968 hapahapa Dar makaburi ya wanajeshi ya Ocean Road yalihamishwa kupisha barabara, yakapelekwa yalipo sasa, kando ya barabara ya Bagamoyo. Siku hiyo ikifika, kaburi lenye jina na familia yenye stakabadhi ndivyo vitakavyotafutana.

Kama mama alikuwa Muislamu, zungumza na shehe kwanza kabla ya fundi. Iko hadithi ya Mtume iliyopokewa na Jabir, katika kitabu cha Sahih Muslim, inayokataza kupaka kaburi chokaa na kujenga juu yake, na wengi huishia kwenye jiwe la kichwani tu.

Kwa sasa kaburi la baba lina kozi mbili za tofali zilizopigwa lipu, katikati tumeacha udongo, maji yanapita. Kijana anayefyeka pale tunampa chochote kila mwezi, na mimi naenda na jembe kabla ya masika na baada yake, nikimaliza la baba nafyeka na mawili ya pembeni ambayo sijawahi kuwaona wenyewe. Mti usipande. Tulipanda mwarobaini, mizizi ikaanza kuinua kaburi la jirani, ikabidi tuung'oe.