Maswali yenu: ubongo, uti wa mgongo na neva

*Docta, sisi tunasema "mishipa" tu. Ya damu na ya fahamu, si ni ileile? (Mama wa Birere)*

Hapana, mama. Mshipa wa damu ni mrija, damu inapita ndani. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ni kamba nyeupe ya nyuzi nyingi nyembamba. Kazi yake ni kubeba habari kati ya mwili na ubongo.

*Baba alipata kiharusi. Picha inaonyesha ubongo umeumia kushoto, lakini mkono uliolegea ni wa kulia. Walikosea? (Kijana wa Katindo)*

Hawakukosea. Nyuzi nyingi zinazoamrisha misuli huvuka upande wa pili chini ya ubongo, kabla ya kushuka mgongoni. Kama na maneno yanamponyoka, kumbuka kwamba kwa watu wengi lugha inakaa kushoto. Pole sana, na mazoezi msiyaache.

*Mwenzetu alianguka na moto, yaani pikipiki, juu ya mawe ya volkano. Tulimkalisha katikati yetu, tukamkimbiza hospitali. Sasa mikono inafanya kazi, lakini miguu haisikii hata ukiifinya. Kwa nini? (Motari, dereva wa pikipiki, wa Ndosho)*

Ndugu yangu, swali lako limeniuma. Ndani ya mifupa ya mgongo kuna ugwe laini, mwembamba kama kidole cha mwisho, mrefu kama sentimeta 45. Unatoka kwenye ubongo na kuishia karibu na kiuno. Humo zinachomoza jozi 31 za neva: za mikono shingoni, za miguu chini kabisa. Ugwe ukipondwa katikati ya mgongo, amri za mikono zimeshatoka nje. Za miguu zinakwama hapo. Angeumia juu shingoni, hata pumzi ingekatika, kwa sababu neva inayosukuma msuli wa kupumua inatokea huko.

Sisemi ninyi ndio mliomuumiza. Huenda kuanguka kwenyewe kulitosha. Lakini siku nyingine, nawasihi, majeruhi asikalishwe wala asikunjwe. Mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao, hata mlango uliong'olewa, kisha itafutwe gari. Mfupa uliovunjika unaunga. Ugwe uliokatika hauungi.

*Kiwiko kikigonga ukuta, kwa nini kidole cha mwisho kinawaka? (Mwanafunzi wa Himbi)*

Neva inayokwenda kwenye kidole hicho inapita nyuma ya kiwiko, chini ya ngozi tu, bila nyama ya kuikinga.