Ziwa limehama upande

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 33, mzaliwa wa Bagamoyo. Mume wangu ni mtumishi wa serikali. Tangu tuoane mwaka 2013 tumekaa vituo vitano: Dodoma, Songea, Bukoba, Tabora, na sasa Kigoma, ambako tuna miezi minne.

Jambo linalonisumbua naona haya hata kulitamka. Nikiamka usiku sijui niko wapi. Jina la mji linanitoka, na mwili nao haujui. Juzi mtoto aliita usiku, nikaruka kitandani, nikaenda moja kwa moja nikajigonga kwenye kabati, kwa sababu mlango niliokuwa nauendea ni wa nyumba ya Tabora. Nikabaki gizani nimelishika lile kabati, najiuliza: hapa Songea? Bukoba? Mtoto analia, nami sijui chumba chake kiko upande gani.

Sasa mchana nako kumeanza. Nikitoka sokoni nakata kushoto badala ya kulia. Dada yangu alinipigia simu akauliza siku hizi mko wapi, nikamjibu Tabora. Na kubwa kuliko yote: mara tatu nimeamka kwa sala ya alfajiri, nikatandika mswala, nikasali, mume wangu akaja kunikuta nimeipa kibla mgongo. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu hakucheka.

Cha ajabu, Bukoba sikupata shida hii hata siku moja, na huko ndiko nilikokuwa mgeni zaidi, mvua haziishi na lugha yao siijui. Binti yetu alizaliwa huko.

Mama mkwe anasema nimechezewa, nipelekwe kwa mtaalamu. Jirani anasema ndivyo kuchanganyikiwa kunavyoanza. Mume wangu hajui habari za usiku, nimemficha. Yapo maboksi sijayafungua tangu Songea, maana najua tutahama tu. Nafikiria kumwomba anirudishe kwa mama Bagamoyo mimi na mtoto. Je, mimi ni mgonjwa?

Msomaji wako, Kigoma.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikachora. Nimechora Bagamoyo na bahari yake, Bukoba na ziwa lake, Kigoma na ziwa lake. Nawe chukua karatasi uchore, kwa sababu jibu la lile la mswala umeliandika mwenyewe bila kujua.

Bagamoyo bahari iko mashariki. Mtoto anayefundishwa kusali pale anasimama nyuma ya mama yake wakielekea kibla, ambayo kwa pwani yetu ni kaskazini, na bahari inakuwa mkono wake wa kulia. Upepo unampiga shavu la kulia. Weupe wa alfajiri unaanzia kulia. Hakuna aliyekuambia weka maji kulia. Mwili uliokota wenyewe, siku baada ya siku, mpaka ulipoolewa. Sasa tazama Bukoba. Mji uko ukingo wa magharibi wa Ziwa Victoria, kwa hiyo jua linatoka majini, kama kwenu. Ukisimama kusali Bukoba maji yako kulia. Mvua zilikuwa ngeni na lugha ilikuwa ngeni, lakini maji yalikuwa mahali pake, na mwili wako ukatulia.

Kigoma ni kinyume. Ziwa Tanganyika liko magharibi ya mji. Jua linatokea nyuma ya vilima na kuzama majini, upande wa milima ya Kongo unayoiona siku hewa ikiwa safi. Wewe unaamka gizani, usingizi haujakutoka, unahisi maji yaliko, unayapa bega la kulia kama ulivyozoea tangu utoto. Anayeweka ziwa la Kigoma kulia kwake anatazama wapi? Kusini. Kibla inabaki mgongoni. Hukuchezewa, mwanangu. Umesimama vilevile ulivyosimama nyuma ya mama yako.

Sala zenyewe zina hukumu gani, muulize shekhe wa msikiti wenu. Hilo ni lake.

Mimi nimekuwa muuguzi miaka 31, na mambo ya ubongo nimeyafuatilia hata baada ya kustaafu. Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kila upande kuna sehemu ndogo iliyojikunja inayoitwa hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe, akifanya kazi London, aliandika kuwa ameona katika ubongo wa panya seli zinazoamka panya akiwa mahali fulani tu pa chumba, akisogea zinanyamaza na nyingine zinaamka. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, kule Trondheim, Norway, wakapata seli za jirani zinazopima nafasi kama mistari ya daftari la hesabu. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2014. Nakutajia haya ili ujue kwamba kujua uko wapi ni kazi inayofanywa na nyama ya mwili, kama kusaga chakula, na kazi hiyo ina namna yake ya kuchoka.

Kuna jaribio moja ambalo nikilifikiria nakuona wewe. Panya anawekwa ndani ya duara lenye kadi moja nyeupe ukutani. Akishapazoea, wanamtoa, wanaizungusha ile kadi, wanamrudisha. Ramani yake yote ya kichwani inazunguka kuifuata kadi. Kadi yako ni maji. Ulihamia mji ambao maji yamezungushwa, na kila kitu kikazunguka nayo: soko, mlango, kushoto na kulia.

Tena kuna saa, nayo haimsaidii mgeni wa Kigoma. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halijui mipaka yetu. Kutoka pwani yenu hadi hapo ni zaidi ya nyuzi 9 za longitudo kuelekea magharibi, na kila uzi mmoja jua hulivuka kwa dakika 4. Jua linachelewa karibu dakika 40. Saa 12 asubuhi Bagamoyo mtu anafagia uwanja, Kigoma saa hiyohiyo bado giza. Umezoea kuamka kukiwa na weupe dirishani wa kukuonyesha upande. Hapo unaamka huna hata huo.

Sasa nikueleze langu, maana nakuamini kuliko unavyojiamini. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli. Tulihama kutoka Morogoro kwenda Dodoma, Dodoma kwenda Itigi, Itigi kwenda Tabora, Tabora kwenda Kaliua, tukarudi Tabora. Kota za reli tulizokaa zilifanana hadi komeo la dirisha, kwa hiyo ndani ya nyumba nilikuwa sipotei. Taabu ilikuja tuliporudi Tabora. Zile kota zilikuwa pacha, nyumba mbili zinagawana ukuta wa katikati, na mara ya kwanza tulikaa ya kushoto. Safari hii tulipewa ya kulia. Chumba kilekile, jiko lilelile, sakafu ileile nyekundu, ila vyote vimegeuzwa kama unavyoviona kwenye kioo. Kwa miezi mitatu mkono wangu ulipapasa ukuta mtupu kutafuta swichi. Naukumbuka mpaka leo ule ukuta: chokaa ya baridi, yenye chengachenga, na alama ya msumari wa zamani ambayo vidole vilikuja kuijua kabla ya kuijua swichi. Usiku mmoja mwanangu wa pili alipata degedege. Nilikimbilia mlango nikakutana na ukuta kwa paji la uso. Nilipata mshono wa nyuzi nne, na hiyo haikuwa shida. Shida ni zile sekunde nilizosimama nasikia meno ya mtoto yanagongana na sijui nipite wapi. Kwa hiyo uliposema umelishika kabati gizani, najua ulikuwa umeshika nini.

Nilichokosea mimi nakiona na kwako: maboksi. Nilipofika nyumba ile nilisema sitaizoea, tutahamishwa tu. Vyombo vya udongo vikabaki na magazeti yake, mapazia sikushona, njia ya sokoni nilijua moja. Mwili hauwezi kujifunza mahali ambapo mwenyewe umekataa kukaa. Seli zile nilizokueleza huchora mji kwa miguu inayotembea na macho yanayotazama, na wewe kwa miezi minne umezipa kabati, boksi na barabara moja ya soko. Fungua maboksi ya Songea wiki hii. Barua ya uhamisho ikija, utafunga upya. Kamba na gundi si bei kubwa.

Kitanda kikalishe kichwa kielekee palepale kilipokuwa kwa mama yako, kama chumba kinaruhusu, na kila mtakapohamia fanyeni hivyohivyo. Sisi tulianza hili tulipotoka Tabora mara ya pili, na sikupotea tena usiku. Weka taa ndogo ya kuchaji karibu na mlango wa chumba, isizimwe. (Wasomaji mnaowaleta wazazi wazee mjini, hili la taa ni lenu pia. Mzee aliyezoea nyumba yake miaka 50 akiamka kwenye fleti ya mwanawe haoni mlango, anaogopa, anapiga kelele, halafu anaitwa mwehu. Mwekeeni taa hadi chooni kabla hamjasema neno hilo.) Mswala nao usiukunje. Uache umetandikwa umeelekea kibla, ambayo hapo ni kaskazini ikilalia kidogo mashariki, na mumeo authibitishe kabla ya kulala.

Mumeo, ndiyo. Mwambie leo. Hajacheka mara ya tatu kwa sababu ameogopa, na mtu anayeogopa asichokijua anaogopa kingi. Mchoree zile ramani tatu. Wa kwangu, miaka yote ya kazi, hakuwahi kuniambia kuwa naye hupotea. Tulipostaafu tukahamia nyumba yetu tuliyojenga Morogoro, akawa ananigusa bega usiku: "Mama, tuko stesheni gani?" Namwambia Morogoro, nyumbani. Anasema sawa, analala. Ilichukua karibu mwaka mzima. Laiti tungeulizana tangu Dodoma.

Kwa mama mkwe, msalimie kwa heshima, usibishane naye. Mwambie Shangazi ameomba kwanza upimwe. Maana kuamka umepotea kwa sekunde chache, hata dakika moja, kisha ukarejea, hutokea kwa watu wazima wenye afya, na zaidi kwa aliyechoka na aliyehama. Lakini yapo yasiyosubiri. Kuchanganyikiwa pamoja na homa, hasa hapo Kigoma penye malaria nyingi, ni hospitali siku hiyohiyo. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kuburuzika, kuanguka na kukakamaa: hospitali saa hiyohiyo. Kupotea mchana kwenye njia unayoijua na fahamu zisirudi haraka, au kumsahau mtu wa karibu, nako nenda. Na kama kwa wiki mbili sasa hulali, huli, unalia peke yako, mwambie daktari hivyo kwa maneno hayo, usimwambie "nimechoka tu". Kukata kushoto ukitoka sokoni na kumjibu dada "Tabora" mimi siviogopi, lakini ukimwona daktari kwa lolote, vitaje.

Bagamoyo nenda ukamsalimie mama, likizo, na mtoto. Kurudi moja kwa moja kwa sababu ya hofu ya usiku sikushauri. Na usidhani uko ugenini kiasi hicho. Njia ya misafara ya zamani, ya wapagazi na pembe za ndovu, na ya watumwa walioteswa, ilishuka Bagamoyo baharini, na mwisho wake huku bara ulikuwa Ujiji, mwendo mfupi tu wa daladala kutoka ulipo. Kiswahili chako kilifika Ujiji kwa miguu, kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Nenda Jumamosi ukaitazame miembe yao. Sikiliza wanavyosalimiana. Nunua kitu kwa mama mmoja, na Jumamosi nyingine urudi kwa mama huyohuyo.

Binti yako, aliyezaliwa Bukoba, huenda naye amebeba ziwa linalotoa jua. Mchukue jioni mteremke Kibirizi, kwenye mitumbwi ya dagaa. Jua la hapo linazama saa moja hivi. Mkifika, usimfundishe kitu kwanza. Muulize yeye kesho jua litatokea wapi, anyooshe mkono. Akinyoosha ziwani, mgeuze mabega taratibu hadi maji yawe nyuma yake, na wewe ugeuke naye.

Kisha niandikie, uniambie kitanda mmekilaza vipi.

Shangazi