Kabla hujaenda kuhesabu wasio na ajira Malindi

Juzi nimepokea ujumbe wa dada mmoja anayeandika tasnifu ya uzamili kuhusu ukosefu wa ajira na misaada ya serikali hapa kwetu Malindi, pwani ya Kenya. Hojaji imeshapita kwa msimamizi wake. Anauliza: "Kaka, nianzie Maweni au Barani?"

Mdogo wangu, anzia popote. Ila lile swali lako la tatu, "Je, una kazi?", lifute leo hii.

Mimi mitaa hii nimeizunguka na hojaji mkononi miaka, tangu enzi za karatasi mpaka tableti. Kule Ganda nilimkuta mama mmoja chini ya mwembe akishona makuti. Nikamuuliza hilo hilo. "Kazi sina, mwanangu, twaishi tu." Na mikono haikusimama: jani linakunjwa kwenye ufito, linafungwa, lingine linafuata. Ubavuni pake rundo limefika kiunoni, linangoja gari. Kwa kipimo kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1982, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki ya marejeo, yaani ile wiki unayomuulizia, ana ajira. Nikageuza: jana tangu alfajiri ulifanya nini? Kuna ulichouza wiki hii? Nani hajakulipa? Hapo ndipo yalipotoka mambo, wateja, bei, na tajiri mmoja wa hoteli mwenye deni lake tangu Ramadhani.

Wafanyakazi wa hoteli nao ni kinyume chake. Mvua za masika zikianza Aprili, hoteli nyingi hufunga, wapishi na wahudumu wakarudi nyumbani. Muulize mmoja mwezi wa Mei kama ametafuta kazi wiki nne zilizopita. Atakwambia hapana, anangoja kupigiwa simu. Kwa kipimo kikali, asiyetafuta kazi hahesabiwi kuwa hana ajira. Yaani mtu amekaa barazani hana senti, na kwenye jedwali lako hayumo! Mvuvi wa mtumbwi ukimkuta upepo wa kusi umechacha ni hivyo hivyo. Ukiweza, rudi tena wakati wa upepo wa kaskazi. Najua pesa hazitoshi. Omba.

Sasa misaada, na hapa ndipo penye kazi. Mtu akiingia mtaani na tableti, habari inamtangulia kwamba anaandikisha watu. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kugawa pesa, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zenye yatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Nimeona boma moja likigawanyika kaya tatu mbele ya macho yangu, kila mke ghafla ana jiko lake, na kuku wakifukuzwa nyuma ya nyumba. Siwalaumu, hata mimi ningefukuza. Wewe uliza jana usiku nani walikula chungu kimoja, kwa majina. Sema mapema kwamba huna pesa, kisha urudie. Mzee wa mtaa akufikishe mlangoni, akishakutambulisha aondoke, maana watu wanaamini orodha hupitia kwake.

Na usitegemee maswali peke yake. Kiwanda cha nguo kilipofungwa Marienthal, Austria, watafiti walioenda huko miaka ya 1931 na 1932 walikusanya habari za familia 478, lakini pia walikaa dirishani wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume, wenye saa zote za siku, ndio waliokuwa wakisimama simama njiani. Wakatazama na chakula walichobeba watoto kwenda shule, siku moja kabla ya malipo ya wasio na ajira na siku moja baada. Hilo hata mwalimu wa Muyeye anaweza kukusaidia, mradi una kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, na ruhusa ya wazazi.

Yale maswali ya makuti niliyaandika pembeni mwa fomu kwa kalamu yangu. Shirika lililoniajiri likayaweka kwenye ripoti yake, yamepangwa vizuri, na michoro ya rangi. Ukurasa wa shukrani umemtaja dereva. Mimi na wenzangu tumeitwa "timu ya nyanjani".

Kwa hiyo makarani wako, dada, walipe jioni hiyo hiyo, wasikilize wakikwambia swali halieleweki, na majina yao uyaandike kamili, yote mawili mawili. La dereva pia.