Daraja Lililoniumbua

Wiki iliyopita, saa tano usiku, msomaji mmoja kanitumia ujumbe wa mstari mmoja: “Kaka, 2012 Kigamboni kulikuwa na daraja gani?”

Nikaishiwa nguvu. Sehemu ya 19 ya riwaya yangu, hii ninayowatumia WhatsApp kila Jumanne na Ijumaa, muuaji anatoka Kurasini na Noah nyeusi, anapita darajani kama upepo, polisi wanabaki wanahema. Hadithi ni ya Machi 2012. Daraja lilifunguliwa Aprili 2016. Muuaji wangu kaendesha gari juu ya maji!

Nilikasirika, siwafichi. Mwaka wa saba huu naamka saa kumi alfajiri, simu naifungia kabatini, naandika hadi saa kumi na mbili ndipo nikimbilie daladala ya Kariakoo, dukani kwa watu. Maneno 800 kila siku, kuwe na homa, kuwe na msiba. Mchapishaji mmoja aliukalia muswada wangu miaka miwili, akaja kuniambia upelelezi hauuzi. Leo watu wananitumia pesa usiku wa manane wakidai sehemu inayofuata. Halafu niumbuliwe na swali moja?

Kesho yake nikaenda Magogoni, kwenye kivuko cha kwenda Kigamboni. Nikalipa 200, nikaingia kusubiri pantoni. Geti limefungwa, watu tumebanana, mama wa mbele yangu kabeba trei mbili za mayai na kila akisukumwa ananigeukia mimi. Pantoni ndiyo kwanza inatoka ng'ambo. Nikajiuliza: kama nimeua mtu na soksi ina damu, hapa nakimbilia wapi? Mbele bahari, nyuma polisi, na hata kugeuka siwezi, nitavunja mayai ya watu.

Niliandika palepale, nyuma ya risiti ya dukani. Mwanzoni mwa 2012 nauli ilikuwa imetoka 100 kwenda 200, basi nikamweka mzee analalamikia nauli, na muuaji anaitikia “kweli kabisa, mzee” huku macho yako kwenye geti. Kurasa sita, hakuna aliyekimbia hata hatua moja. Ile Noah naionea aibu.

Sasa nyie mnaoniuliza siri yangu, siri ni miguu. Ipite njia anayopita mhusika wako. Mnajifungia na filamu za Kikorea halafu mnataka Magomeni yenu inukie Magomeni. Itanukia wapi? Nenda. Ukirudi, nenda tena. Na acheni kusubiri mzuka, amkeni. Wekeni daftari pia. Langu lina orodha ya marehemu, maana kwenye riwaya ya nyuma niliwahi kumuua shemeji sehemu ya 14, akapokea simu sehemu ya 31. Lina na hesabu ya risasi: Makarov inabeba nane kwenye magazini, nahesabu kila mlio. Miaka ndiyo sikuwa nahesabu.

Sehemu ya 22 muuaji anapanda basi la Mwanza, Ubungo. Stendi ilikuwa bado haijahamia Mbezi. Nimehakikisha mara mbili, na yule wa daraja nimemtumia kwanza. Kasoma, tiki zote mbili za bluu, hajajibu.